Kipindi cha Fizikia Hakina Jina: Safari ya Nkasi, Julai 2024

Jumamosi, Dar es Salaam hadi Mbeya

Tumetoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi saa kumi na moja alfajiri. Begi la nguo liko kwenye buti, lakini la vidodoso na barua nimelipakata, maana bila barua hizo sifiki popote ninakokwenda.

Nafundisha kitivo cha elimu. Kila mwaka wanafunzi wangu wa shahada ya ualimu wanapokwenda fildi, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, vituo wanavyoomba ni vilevile: Dar es Salaam, Morogoro mjini, Dodoma, Arusha, Mwanza. Na kila mwaka wa kwanza wanapoingia huwa nawauliza darasani nani amesoma shule ya kata ya kijijini, kidato cha kwanza hadi cha nne. Mikono inayonyooshwa ni michache, na ya masomo ya sayansi ni michache zaidi. Wenzangu wengi huyatafiti mambo haya kama mada mbili, huku nani anaingia chuo kikuu, kule mwalimu gani anapangiwa wapi. Mimi nayaona ni jambo moja, na nimeamua kwenda kulitazama mahali linapokutana, mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa.

Jirani yangu ni kijana wa Historia na Kiswahili, ana shahada, anakwenda Tunduma kusaidia duka la mjomba wake. Ameomba ajira ya ualimu mara nyingi, na sasa anajiandaa kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, kwa kuwa siku hizi walimu nao wanasailiwa. Tulipokuwa tukikata Mikumi aliniambia, "Dokta, shule zinalia hazina walimu, na mimi nipo hapa. Sasa nani hajamwona mwenzake?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilimweleza habari ya bajeti ya mishahara na upungufu wa walimu wa sayansi, naye akasikiliza kwa adabu, lakini swali lake limebaki palepale. Nimeliandika kwenye daftari kabla ya swali langu mwenyewe la utafiti.

Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, Uyole. Mbeya tumeingia usiku.

Jumapili, Mbeya hadi Sumbawanga

Tunduma foleni ya malori ya Zambia, kisha barabara inakata kulia na nchi inafunguka. Lami nzuri hadi Sumbawanga. Miaka ya nyuma, kabla ya lami hii, mwalimu aliyepangiwa Rukwa aliagwa nyumbani kwao kwa machozi. Leo nimefika mchana, nikaoga maji ya moto kwa sababu baridi ya Ufipa mwezi Julai haina mzaha, nikapitia maswali yangu.

Jumatatu, Sumbawanga

Ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa wamenipokea vizuri na barua imetoka siku hiyohiyo. Afisa mmoja wa elimu, mama mtu mzima aliyeanza kazi akiwa mwalimu wa kawaida, alinikaribisha chai na kunieleza jambo kwa kidole juu ya ramani ya ukutani. Alianzia Laela, akapandisha Sumbawanga, akaenda Chala na Namanyere. "Hapa walimu wapo. Hapa wapo. Hapa wapo." Kisha akakishusha kidole kando, kuelekea ziwani. "Huku, nikipeleka watano mwezi wa tatu, Desemba nina wawili."

Nilimuuliza ikama, yaani hesabu ya walimu wanaotakiwa na waliopo, inasemaje. Akasema ikama ya mkoa ukiitazama kwa jumla inakudanganya, kwa sababu mwalimu wa nne wa Historia aliyepo mjini anahesabiwa sawa na yule wa kwanza wa Fizikia ambaye hayupo kijijini. Walimu hawaondoki kwa kutoroka, wanaondoka kwa barua halali kabisa: kumfuata mwenza, matibabu, kubadilishana na mwenzake. Kila barua ukiisoma peke yake ina haki. Mke akae na mumewe, mgonjwa awe karibu na hospitali, nani atapinga? Lakini ukizipanga pamoja mezani unaona zote zinakwenda upande mmoja, na hakuna hata moja inayorudi.

Nikamuuliza ni nani anayebaki. Hakusita. "Wa huku huku. Mtoto wa Kirando ukimpanga Kirando hakupigii simu."

Nimeliwekea alama neno hilo. Ni kauli ya mtu mmoja, lazima niipime, lakini imetoka kwa mtu anayesaini hizo barua.

Jumanne, Namanyere

Kibali cha wilaya kinapitia kwa Katibu Tawala wa Wilaya, na ofisi hiyohiyo ndiyo yenye usajili wa vizazi na vifo kwa niaba ya RITA, wakala wa serikali wa usajili huo. Kwa hiyo kwenye benchi la nje tulikaa wa aina mbili, mimi na barua yangu ya utafiti, na wazazi na vijana wenye mafaili ya plastiki. Matokeo ya kidato cha sita yametoka katikati ya mwezi huu na dirisha la mikopo ya elimu ya juu liko wazi. Kila aliyefaulu anatafuta vyeti.

Pembeni yangu alikaa binti na mama yake. Wametoka kata ileile ninayoiendea. Walisafiri kwa mtumbwi wa injini hadi Kirando, wakalala kwa ndugu, asubuhi wakapanda gari la mizigo. Binti amefaulu masomo ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) vizuri. Ili uingie shahada unatakiwa uwe na pasi kuu mbili zenye jumla ya pointi 4 angalau, yeye amezivuka mbali. Anataka kusomea ualimu. Anachokosa ni cheti cha kifo cha baba yake.

Naeleza hili kwa kirefu kwa sababu chuoni tunaona orodha ya mwisho tu. Mwombaji wa mkopo anatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kama amefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Fomu ikishajazwa mtandaoni inachapwa, inasainiwa na serikali ya kijiji au mtaa, inapelekwa kwa hakimu au wakili, inarudishwa mtandaoni ikiwa imekamilika. Ada ya maombi ni shilingi 30,000. Kwa mtoto wa Mbezi, hayo yote ni kazi ya siku moja au mbili, stesheneri iko chini ya nyumba yao. Kwa huyu, kila hatua ina nauli yake. Baba alifia kijijini, akazikwa kijijini, na hakuna aliyefikiri kwamba miaka mingi baadaye kifo chake kitahitaji karatasi. Mtendaji aliyekuwepo wakati huo amehamishwa. Bila cheti hicho, mfumo unamhesabu kuwa ana wazazi wawili hai, na kiasi anachoweza kupangiwa kinategemea hayo.

Mama alikuwa ameshika bahasha yenye barua ya mtendaji mpya, iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa muhuri. Karani aliisoma, akairudisha kwa upole: inakosa majina ya mashahidi wawili waliohudhuria mazishi na saini zao. Wanatakiwa warudi kijijini.

"Turudi tena, mama," alisema binti. Mama hakusema kitu, alifungua pindo la kanga akahesabu noti.

Kuna jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Tangu tarehe 15 Mei uvuvi umesimamishwa Ziwa Tanganyika lote, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaane. Naliunga mkono, ziwa lilikuwa linakwisha. Lakini miezi hiyohiyo ndiyo ya kidato cha tano kuripoti na ya fomu za mkopo, na nyumba za mwambao hazina mapato mengine ya haraka. Dagaa ndio waliokuwa ada, nauli na sare. Sijasikia mtu aliyeziweka kalenda hizo mbili mezani kwa pamoja.

Jumatano, Kirando

Barabara inateremka kutoka juu ambako ni mahindi na baridi, inaingia joto, minazi michache, michikichi, halafu maji. Kirando ni mji wa biashara, kuna wakala wa pesa kila kona, kuna watu wa Moba wanaovuka kutoka Kongo na Kiswahili chao, kuna vitenge na sabuni. Leo mialo ni kimya kuliko kawaida. Nyavu zimekunjwa, taa za karabai na za sola zimening'inizwa chini ya mapaa. Nimekula ugali wa muhogo kwa maharage mahali ambapo, nimeambiwa, kuagiza maharage badala ya mgebuka, samaki wa ziwa hili, kungewashangaza watu.

Nimewakuta vijana wawili wa fildi kutoka chuo kingine, wamepangiwa sekondari ya hapa. Wamelipia chumba wenyewe. Mmoja alikuja kwa hofu na sasa anasema angependa kubaki. Mwenzake anahesabu siku. Niliwauliza chuoni kwao kuna anayewalipa nauli ya kuja mbali. Hela ya fildi kwenye mkopo ni ileile, mtu akienda shule iliyo mkabala na hosteli yake au akija Kirando. Hata chuoni kwangu ni hivyo. Ndiyo maana orodha inajaa miji.

Alhamisi, kata ya mwambao

Mtumbwi umeondoka saa kumi na mbili asubuhi, upepo ukiwa bado haujaamka. Tulikuwa abiria, magunia ya sukari, kreti za soda, godoro jipya la mtu, na mwalimu mmoja wa Kemia aliyekuwa akirudi kazini baada ya kufuata mzigo wake. Tulikwenda tukishika kusini, milima mkono wa kushoto inaingia majini wima, vijiji viko pale tu mlima ulipoacha nafasi. Shule sitaitaja jina kwa sababu wahojiwa wangu nimewaahidi hivyo.

Mkuu wa shule alikuwa gatini kunipokea. Shule ni ya kata, moja ya zile zilizoibuka wakati wa MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, wananchi wakachanga mawe na mchanga. Ina madarasa imara, mti mkubwa wa mwembe, na jengo la maabara la vyumba vitatu kutoka kampeni ile ya 2014 na 2015, pale kila shule ya kata ilipotakiwa kuwa na maabara za Fizikia, Kemia na Biolojia. Chumba cha Biolojia kinatumika, cha Kemia kinatumika nusu. Cha Fizikia kimewekwa viti vibovu.

Ofisi ya walimu ni meza ndefu na ubao wa matangazo. Ratiba imeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu kwenye karatasi za manila zilizounganishwa kwa gundi. Kila kisanduku kina herufi tatu za somo na chini yake herufi za jina la mwalimu. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Jumatatu kipindi cha tatu, kidato cha pili: FIZ. Chini yake patupu. Jumatano kipindi cha tano na cha sita: FIZ, FIZ, patupu. Ijumaa vilevile. Vipindi vyote vya Fizikia, vidato vyote, vina jina la somo na havina jina la mtu.

Nilimuuliza mwalimu wa taaluma kwa nini wanaendelea kuviandika. "Mwongozo unataka somo liwepo kwenye ratiba," alisema. "Na mimi mwenyewe sitaki kuvifuta. Nikivifuta nimekubali."

Wakati wa kipindi kimoja cha namna hiyo nilipita darasani. Wanafunzi walisimama, "Shikamoo madamu," wakakaa. Kiranja alikuwa ananakili ubaoni kutoka kitabu kimoja, mada ya msuguano, na wengine wananakili kutoka ubaoni, maneno ya Kiingereza ambayo hakuna aliyewaeleza maana yake. Kimya kabisa, nidhamu kamili. Msichana mmoja alikuwa ameandika kichwa cha habari kwa wino mwekundu na kupiga mstari kwa rula.

Sasa fuata mstari huo. Kufika kidato cha tatu, wanafunzi wanaoruhusiwa kuacha Fizikia wanaiacha, kwa sababu watafanyaje mtihani wa kitu ambacho hawajafundishwa? Kidato cha nne kinakwisha bila Fizikia, kwa hiyo tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) haipo kwao, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) haipo. Uhandisi haupo, udaktari haupo, ualimu wa Fizikia haupo. Tangu 2016 hakuna ada kidato cha kwanza hadi cha nne, tangu 2022 hata cha tano na cha sita, na hilo limeleta watoto wengi shuleni ambao baba zao wasingeweza. Nimeliona kwa macho, madarasa yamejaa. Lakini ada imeondoka na mlango mwingine umebaki umefungwa, nao ni mwalimu. Mtoto huyu aliyepiga mstari kwa rula ameshanyimwa nusu ya vitivo vya chuo kikuu, na ana umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Hakuna takwimu ya udahili itakayomwonyesha, kwa kuwa hatafika kuomba.

Ijumaa, hapohapo

Nimefanya mahojiano na walimu wote waliokubali. Mawili yameniganda.

Wa kwanza ni mwalimu wa Hisabati, ndiye mkongwe wa shule. Alikuja katika kundi lile la vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha wakati shule za kata zilipofunguliwa kwa wingi. Watu waliwabatiza vodafasta, na jina hilo halikuwa la heshima. Yeye alitokea Laela. Alinionyesha daftari lake la mahudhurio ya miaka iliyopita, akanifundisha kulisoma. Kwenye kila mwezi kuna wiki ambazo wavulana wa kidato cha tatu na cha nne wanapungua, kisha wanarudi. "Tazama tarehe," aliniambia. "Ni giza la mwezi." Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na kukiwa na mbalamwezi taa hazifai, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo mitihani yake ya majaribio huipanga mwezi ukiwa mpevu, na mada ngumu pia. Hakuna chuo kilichomfundisha hilo. Mtu mpya anakaa mwaka mzima akiwachapa watoto kwa utoro kabla hajaangalia juu.

Alipata shahada yake kupitia Chuo Kikuu Huria, akisoma usiku, akipanda hadi kituo cha Sumbawanga kwa mitihani. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya 1992, na kwa watu kama yeye ndicho chuo kikuu pekee kilichokuwa tayari kuwafuata. Anasema miaka ya mwanzo mwalimu alikuwa akiondoka mwisho wa mwezi kufuata mshahara benki, na ziwa likichafuka harudi kwa wiki nzima. Simu na wakala vimeliondoa hilo. "Zimebaki nyumba na maji," alisema. "Na mtu wa kuzungumza naye."

Wa pili ni mwalimu msichana wa Biolojia, ameripoti mwaka jana, kwao ni mkoa wa mbali kaskazini. Nyumba ya mwalimu aliyopewa anaishi na familia ya mwalimu mwingine, chumba kimoja chake. Anakatwa asilimia 15 ya mshahara kurejesha mkopo wa chuo, kama sheria inavyotaka, na anasaidia wadogo zake wawili. Nauli ya kwenda kwao na kurudi inameza kilichobaki, kwa hiyo hajakwenda tangu aripoti. Alipokuja, hakuna aliyemwonyesha pa kuchota maji salama; wanafunzi wake ndio waliompeleka. Anafundisha vizuri sana. Nilikaa nyuma ya darasa lake, somo la mzunguko wa damu, alichora moyo kwa chaki nyekundu na ya bluu huku akiwauliza kwa Kiswahili na kuwavusha taratibu kuingia Kiingereza, na darasa zima lilikuwa naye. Mwisho wa mazungumzo nilimuuliza kama ameomba uhamisho. Akanitazama kidogo, akasema, "Bado, madamu." Sikumuuliza zaidi.

Simlaumu, na nisomwe vizuri hapo. Nimewasikia watu mezani Dar es Salaam wakisema vijana wa siku hizi hawana uzalendo. Anayesema hivyo aje alale chumba kile miezi mitatu kwa mshahara ule, halafu tuendelee na mazungumzo.

Na nani anafundisha Jiografia? Nilipouliza, mkuu wa shule alisema ni mwalimu wa kujitolea, hayupo wiki hii, amekwenda Namanyere kufuatilia vyeti. Alikuwa yule binti wa kwenye benchi. Tangu amalize kidato cha sita mwezi wa tano anafundisha bure shule iliyomlea, kamati ya wazazi inampa mchele na sabuni.

Jumamosi na Jumapili

Jumamosi binti na mama yake wamerudi, na mtendaji amekaa nao hadi mashahidi wakapatikana. Mmoja alikuwa shambani ng'ambo ya kilima, wakamfuata. Saini moja ni ya dole gumba.

Jumapili baada ya misa nimekaa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Alimaliza darasa la saba, na 1976 akachukuliwa kuwa mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, papa hapa kijijini, anafundisha asubuhi, yeye mwenyewe anafundishwa jioni na mkufunzi aliyekuwa akizunguka kwa baiskeli, pamoja na masomo ya redio na ya posta, miaka mitatu. Maelfu walipatikana kwa njia hiyo nchi nzima.

Mzee alinikumbusha jambo ambalo nimekuwa nikilifundisha bila kuliunganisha namna hii. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio lililotoka pale linakumbukwa kwa kuamua watoto wote wasome msingi ifikapo 1977. Lakini azimio hilohilo lilibadili pia njia ya kuingia chuo kikuu: mtu hatoki tena kidato cha sita moja kwa moja, anakwenda kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kazini, na anapendekezwa na walio naye kazini. Mwalimu wa kijiji na mlango wa chuo kikuu viliwekwa kwenye karatasi moja, siku moja.

Sisemi turudi kule. Ualimu wa UPE ulikuwa na mapungufu makubwa, na mzee mwenyewe anakiri kuna Hisabati alizowafundisha watoto akiwa amezijua jana yake. Sharti la kazini nalo liliwaumiza wanawake, idadi yao chuoni ikashuka hadi wakalegezewa baada ya muda mfupi. Lakini waliokaa Musoma waliona jambo moja pale ambapo sisi leo tuna wizara, tume, bodi na mifumo ya mtandaoni isiyosemezana. Mzee alifundisha kijiji hiki hadi alipostaafu. Hakuwahi kuandika barua ya uhamisho. "Niende wapi?" alinijibu. "Hapa ndipo kwetu."

Ni maneno yaleyale ya mama wa Sumbawanga, yakitoka mdomo mwingine.

Jumanne, Namanyere tena

Tumepanda pamoja, mimi, binti na mama yake. Karani ni yuleyule. Alihesabu mashahidi, akasoma saini, akapokea. Cheti kitakuwa tayari ndani ya siku chache, kisha uhakiki, kisha fomu. Binti atabaki kwa shangazi yake hapa hapa Namanyere, hatarudi kijijini hadi amalize kwa hakimu na stesheneri. Kwa muda huo kidato cha kwanza na cha pili hawana mwalimu wa Jiografia.

Nilimuuliza, akishahitimu angetaka kupangiwa wapi. Alisema nyumbani, kisha akauliza kama mtu anaruhusiwa kuomba nyumbani. Nilimwambia fomu za ajira zina nafasi ya kuchagua, ila kuchagua si kupangiwa.

Jumatano, kwenye basi

Kuna umeme wa kuchajia simu kwenye kiti, kwa hiyo naandika barua kwa mkuu wa idara yangu wakati tunapita Laela. Data zote sijazichambua na ripoti itachukua miezi, lakini mambo matatu hayahitaji kusubiri ripoti, yako ndani ya uwezo wetu wa kitivo.

Naomba vituo vya fildi mwaka ujao tugawe kwa wilaya zenye vipindi vitupu, na kila anayekwenda mwambao aende na mwenzake, wawili wawili, chumba kikiwa kimeshaulizwa na mkuu wa shule kabla hawajapanda basi. Naomba mwanafunzi anayetaka kufanya fildi kwenye kata aliyozaliwa aruhusiwe na mkufunzi amfuate huko, tusimkatalie kwa sababu ni mbali kumkagua. Na naomba tuiandikie Bodi ya Mikopo na RITA, tukiwapa mfano wa ziwa na kalenda yake, waweke dawati la pamoja Kirando wiki moja kila Julai, hakimu akiwepo, ili karatasi zikutane na watoto badala ya watoto kuzifuata karatasi. Kama wataona gharama ni kubwa, nimeambatisha nauli za familia moja kwa safari zao za kufuata cheti kimoja. Wazidishe wenyewe.

La Fizikia siwezi kulimaliza kwa barua. Mkuu wa shule amenipigia simu asubuhi kuuliza kama mwanafunzi yeyote wa Fizikia na Hisabati anaweza kuja hata kwa wiki sita zilizobaki za fildi. Wapo wawili ambao bado hawajaripoti vituo vyao, mmoja ni wa Mpanda. Nimempigia. Amesema ataongea na wazazi na kunijibu kesho saa nne.